Unataka kuwa mhadhiri wa sheria za kimataifa na upo Arusha au Moshi? Anzia hapa hapa

Wakuu habari zenu. Kuna vijana wengi wa sheria huku kwetu wanauliza swali lile lile, kwamba wanapenda sheria za kimataifa, wanataka kufundisha chuo na kufanya utafiti, ila kila wakisoma onlain wanakutana na The Hague, Geneva na New York, mwisho wanajiona hiyo kazi ina wenyewe na sio wao. Mi naomba niseme wazi, kama upo Arusha au Moshi we ndo umekaa pazuri kuliko wanafunzi wengi wa hii fani duniani, ila lazima ujue kutumia ulichonacho. Nitaenda hatua kwa hatua, sehemu nyingine nitakaa sana na nyingine nitapita haraka.

Hatua ya 1: Ielewe kazi yenyewe kwanza

Mhadhiri wa sheria za kimataifa anafanya mambo matatu: anafundisha, anatafiti na kuandika, alafu anatoa ushauri kwa serikali, mashirika na mawakili. Watu wanaona lile la kwanza tu, lakini linalokupandisha cheo ni la pili. Ngazi zetu zinaanzia Mkufunzi Msaidizi ambaye wengi wanamwita TA, huyu ana digrii ya kwanza, halafu Mhadhiri Msaidizi mwenye masta, kisha Mhadhiri ambapo hapo unatakiwa uwe na PhD, baada ya hapo Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na Profesa, na kutoka Mhadhiri kwenda juu kinachohesabiwa zaidi ni machapisho yako. Ni safari ya miaka mingi. Mtu akitaka hela ya haraka bora aende uwakili moja kwa moja, na hakuna ubaya wowote.

Hatua ya 2: GPA, hapa hamna njia ya mkato

Matangazo mengi ya vyuo vya umma yanataka TA awe na GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 kwenye digrii ya kwanza, na Mhadhiri Msaidizi awe na 4.0 kwenye masta juu ya hiyo 3.8. Kama upo mwaka wa kwanza au wa pili hii ndo habari muhimu kuliko zote kwenye huu mwongozo, maana ukishamaliza na 3.4 kupanda tena ni shida kweli kweli. Piga hesabu zako kila muhula, usisubiri mwaka wa nne ndo ushtuke. Aliye na GPA ya chini kidogo asikate tamaa, baadhi ya vyuo binafsi vina masharti tofauti, na masta nzuri yenye tasnifu nzuri inaweza kukufungulia mlango, lakini ajue itamchukua muda mrefu zaidi.

Hatua ya 3: Tafuta swali lako, na ulitafute hapa

Hapa nitakaa sana maana ndo penye kiini. Kosa ninaloliona kila mara ni mwanafunzi wa Arusha kuandika tasnifu kuhusu kitu ambacho watu elfu moja Ulaya wameshaandika, wana maktaba kubwa kuliko yake na wanawajua wahusika kwa majina, sa yeye ataongeza nini? Wakati huo huo anaishi juu ya hazina ambayo wenzake wanaitamani.

Chukua kesi ya ardhi ya Wameru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wapewe mashamba. Tanganyika wakati ule haikuwa koloni la kawaida, ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kifungu cha 87 uliruhusu watu wa nchi za namna hiyo kupeleka malalamiko yao. Wameru wakalijua hilo. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, na aliyewasaidia kisheria ni Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa anafanya kazi Moshi. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini hebu fikiria, wakulima wa Meru wametumia sheria za kimataifa miaka tisa kabla ya uhuru, na wakili wao alikuwa na ofisi Moshi! Mwaka 1973 huyo huyo Seaton na mwenzake wakatoa kitabu kuhusu namna Tanzania inavyoshughulika na mikataba. Mi nasema mwanafunzi wa Usa River asiyeijua hii habari ameibiwa urithi wake.

Au mpaka wetu na Kenya. Wote tumekua tunasikia kwamba malkia wa Uingereza alimpa mjukuu wake Mjerumani Mlima Kilimanjaro kama zawadi, ndo maana mstari ule umepinda. Hiyo ni hadithi tu, kinachosimama kisheria ni makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, yaliyochora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria na kuuzungusha upande wa kaskazini wa mlima, kisha mwaka 1964 kule Cairo nchi za OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, zikakubaliana kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Ukikaa Moshi ukatazama mlima unaangalia mada nzima ya mipaka na urithi wa mikataba.

Halafu kuna msimamo wa Nyerere. Mwaka 1961 aliwaambia Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili mbili ambayo Uingereza iliingia kwa niaba ya Tanganyika itaendelea kwa miaka miwili, ndani ya muda huo nchi itaipitia mmoja mmoja, na isiyokubalika ikipita hapo itahesabika imekwisha, isipokuwa ile ambayo kwa sheria desturi za kimataifa ingeendelea yenyewe. Dunia nzima inaufundisha huu msimamo kwa jina lake. Ndo msingi wa Tanganyika kuukataa mkataba wa Mto Nile wa 1929 kati ya Uingereza na Misri, na hilo suala bado lina moto, maana mkataba mpya wa ushirikiano wa Nile, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliousaini kwanza mwaka 2010, umeanza kutumika Oktoba 2024.

Kwaiyo swali zuri la utafiti lina sifa tatu: nyaraka zake unaweza kuzifikia kwa nauli ya daladala au basi la Moshi, lina mtu halisi ambaye maisha yake yanaguswa, na jibu lake litamfaa hata msomaji wa Lima au Jakarta. Andika maswali kwenye daftari kila unapokutana nayo, mwaka mzima, halafu uchague moja. Usichague "haki za binadamu Afrika", hiyo ni bahari. Chagua kitu kama hiki: ule muda wa miezi miwili wa kufungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki, ulioko kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya, unawaathirije wanavijiji wanaolalamikia ardhi? Hapo unaweza kuandika mpaka upate PhD.

Hatua ya 4: Nenda mahakamani ukakae usikilize

Arusha ina mahakama tatu za kimataifa na vikao vyake vya wazi huhitaji hela kuingia, ila wanafunzi wengi wanamaliza LLB bila kukanyaga hata moja. Hii inaniuma.

Ya kwanza Mahakama ya Afrika Mashariki, EACJ, iliyozinduliwa 2001, ipo kwenye makao makuu ya Jumuiya. Ina divisheni mbili, ya awali na ya rufaa. Hapo ndo ilipotoka kesi ya barabara ya Serengeti, shirika moja la kutetea wanyama lenye makao Nairobi lilifungua shauri 2010 na mwaka 2014 mahakama ikaizuia serikali kujenga barabara ya lami kukatiza hifadhini kaskazini. Kesi ya wanavijiji wa Loliondo waliolalamikia kuondolewa kwenye ardhi nayo ilipita hapo hapo, 2022 ikatupwa divisheni ya awali, 2023 divisheni ya rufaa ikairudisha isikilizwe upya. Soma hukumu zote mbili ukizipambanisha, utajifunza kuhusu ushahidi kuliko vitabu vingi.

Ya pili ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ipo Arusha tangu 2007, pale kwenye majengo ya TANAPA Barabara ya Dodoma, ina majaji 11. Hukumu yake ya kwanza kwenye kiini cha shauri, Juni 2013, ilitokana na kesi ya Mchungaji Mtikila na wenzake dhidi ya Tanzania kuhusu mgombea binafsi. Mwaka 2019 ikasema adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi, na Novemba mwaka huo huo Tanzania ikaondoa tamko lililokuwa linaruhusu watu binafsi na mashirika kwenda moja kwa moja pale. Mashauri yaliyokuwa yameshafunguliwa yakaendelea. Ukiwa mtafiti hapo una kazi ya miaka, maana nchi mwenyeji wa mahakama ndo iliyofunga ule mlango, na bado hukumu dhidi yake zikaendelea kutoka.

Ya tatu ni Kisongo, pale Lakilaki, majengo yaliyofunguliwa 2016 kwa ajili ya chombo kilichorithi kazi za ICTR, ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. ICTR yenyewe iliundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, ikakaa AICC, jengo la mikutano ya kimataifa hapa mjini, ikafungwa mwisho wa 2015. Tarehe 2 Septemba 1998, hapa hapa mjini, Jean-Paul Akayesu akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari, na hukumu ile ndo ya kwanza kusema ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Kesi ya Butare, ambapo kwa mara ya kwanza mwanamke alitiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo, iliongozwa na jaji wa Kitanzania, William Sekule. Nyaraka za wazi zipo kwenye databesi yao onlain bure, ushahidi wa miaka ishirini umelala pale unasubiri watu wa kuusoma.

Namna ya kwenda: ingia tovuti ya mahakama uangalie ratiba ya vikao, beba kitambulisho, vaa kiofisi, fika mapema maana kuna ukaguzi getini, simu zima. Kabla ya kwenda soma maombi ya pande zote kama yapo onlain. Ukiwa ndani usiandike kila kitu, andika maswali ya majaji, maana swali la jaji linakuonyesha shauri lina udhaifu wapi. Wa Moshi msijitetee na umbali, ni kama kilomita 80, ukitoka asubuhi na coaster unafika na unarudi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Mashindano na fildi

Ingia kwenye mashindano ya mahakama ya kuigiza, hata kama chuo chenu hakijawahi kushiriki, tafuteni mhadhiri mmoja mwenye moyo muanzishe timu. Yapo ya haki za binadamu ya Afrika yanayoandaliwa na Chuo Kikuu cha Pretoria tangu 1992, yapo ya Jessup ya sheria za kimataifa kwa ujumla, na ya sheria za vita ya Msalaba Mwekundu ambayo yamewahi kufanyikia Arusha mara kadhaa. Kuandika hoja za pande zote mbili za kesi moja ndo mazoezi ya utafiti yenyewe.

Fildi omba kwenye izo mahakama, pia PALU, ule umoja wa mawakili wa Afrika, na Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki, wote makao yao Arusha. Nafasi nyingi kwenye mahakama za kimataifa hazina malipo, nawaambia mapema mjipange, ila mwenye ndugu Sakina au Ngaramtoni wa kumhifadhi ana nafuu ambayo kijana wa Kigoma au wa Bujumbura hana.

Hatua ya 6: Masta

Tasnifu ya masta ndo itakutambulisha, kwaiyo chagua programu yenye tasnifu, sio ya kozi tupu. UDSM, ambako sheria ilianza kufundishwa 1961 ikiwa kitivo cha kwanza cha chuo, kuna kituo cha Watanzania na Wajerumani kinachofundisha sheria za mtangamano wa Afrika Mashariki tangu 2008, na kimekuwa kikitoa ufadhili wa masta na PhD kupitia DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo. Pretoria wana masta ya haki za binadamu na demokrasia inayochukua wanafunzi kutoka Afrika nzima. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, ni ya masta ya mwaka mmoja kule kwao na inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi. Anayefanya kazi Arusha au Moshi na hawezi kuhama, Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoa yote miwili.

Ukimwandikia profesa kuomba akusimamie usimwandikie "Dear Sir naomba msaada wa skolashipu". Andika aya tatu tu, swali lako, kwa nini nyaraka unazipata we na sio mwingine, na pepa yake gani umeisoma na wapi unadhani kuna pengo. Hiyo aya ya pili ndo silaha ya mtu wa Arusha. Profesa wa Leiden hawezi kwenda kukaa Engare Nanyuki kuongea na wazee kwa Kimeru, we unaweza.

Hatua ya 7: Kuingia kazini

Nafasi za vyuo vya umma zinatangazwa Ajira Portal, weka akaunti yako sawa mapema na vyeti vilivyothibitishwa. Huku kwetu Makumira wana kitivo cha sheria na MoCU, Chuo Kikuu cha Ushirika pale Moshi, wanafundisha sheria, wafuatilie na tovuti zao pia. Kwenye usaili mara nyingi utaambiwa ufundishe kidogo, chagua mada moja ndogo na kesi moja, usijaribu kumaliza kozi nzima kwa dakika kumi na tano.

Law School ya Dar sio lazima ili ufundishe, ila mi nashauri mtu aende akipata nafasi, inakupa kujua kesi inavyofunguliwa na inakupa uwakili, na kipato cha ziada kwenye hii kazi kinahitajika.

Hatua ya 8: Darasani

Kila mtu anaanza kozi na kifungu cha 38 cha Sheria ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki: mikataba, desturi, kanuni za jumla, halafu kama vyanzo vya kusaidia hukumu na maandiko ya wataalamu. Wanafunzi wanakariri, wanasahau. Wape mkataba wa Nile na barua ya Nyerere, waulize Tanzania imefungwa au haijafungwa, wagawe Misri upande huu na Tanganyika upande ule. Kwenye uwekezaji wape kesi ya Biwater Gauff ya maji ya Dar es Salaam, ambapo mwaka 2008 jopo la usuluhishi lilikuta serikali imekiuka mkataba lakini halikuipa kampuni fidia hata senti. Waulize ilikuwaje. Darasa litawaka.

Na msiogope Kiswahili. Mitihani ni Kiingereza sawa, lakini mwanafunzi akielezwa sheria desturi kwa Kiswahili akaelewa, Kiingereza atakisoma mwenyewe. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika umekifanya Kiswahili lugha ya kazi, sa nani ataandika istilahi zetu za sheria za kimataifa kama sio sisi tunaoishi kwenye mji wenye hizi mahakama?

Angalia tena kile kifungu, maandiko ya wataalamu yamo. Maana yake unachoandika Tengeru kinaweza kusomwa na jaji. Sio ndoto, Chris Maina Peter akiwa profesa UDSM alikaa kwenye Tume ya Sheria za Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, James Kateka aliwahi kuwa jaji wa mahakama ya sheria za bahari Hamburg. Makau Mutua, mmoja wa sauti kubwa za wasomi wanaotazama sheria za kimataifa kwa macho ya nchi zilizotawaliwa, ni Mkenya aliyesomea sheria Dar es Salaam.

Hatua ya 9: PhD na kuchapisha

PhD ifanye ukiwa na swali ulilolibeba miaka kadhaa, sio kwa sababu mkuu wa idara kasema. Kila sura ilenge kuwa makala. Anza na maoni mafupi kuhusu hukumu moja mpya ya EACJ au Mahakama ya Afrika, maneno elfu mbili tatu, watu wachache wanaziandikia kwaiyo nafasi ipo. Kisha makala kamili peleka Eastern Africa Law Review ya UDSM au African Human Rights Law Journal, hii ya pili inasomwa bure onlain.

Kuwa makini na majarida ya kitapeli. Dalili zake: wanakuandikia wao barua pepe ya kukusifia, wanaahidi kuchapisha ndani ya siku chache, wanataka dola kabla ya mtu yeyote kuisoma kazi yako. Usitume. Ukishachapisha huko ile makala huwezi kuipeleka kwingine na kamati ya kupandisha vyeo inaweza kuikataa. Kukataliwa na jarida zuri lenye maoni ya wasomaji wawili ni faida, chukua maoni, rekebisha, peleka tena.

Hatua ya 10: Vya bure ambavyo hamvitumii

Umoja wa Mataifa una maktaba ya video za mihadhara ya sheria za kimataifa, bure kabisa, pakua usiku bando likiwa rahisi. Wana pia kozi ya kanda ya Afrika inayofanyika Addis Ababa, yenye ufadhili, na The Hague Academy ina kozi za kiangazi na skolashipu zake. Omba kila mwaka, fomu nyingi hazina ada. Hukumu za Tanzania zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII.

Tafuta wenzako wawili watatu, Arusha au Moshi, mkutane kila baada ya wiki mbili kusoma hukumu moja kwa pamoja, mmoja anaitetea mwingine anaipinga. Hamhitaji barua ya chuo wala bajeti, mnahitaji nakala na chai. Mkianza jumamosi hii chukueni ya Serengeti ya 2014, ipo tovuti ya EACJ, kisha msome na ya rufaa iliyofuata.